Chapati ya Kwanza

Jumamosi, 14 Desemba 1996

Redio imeanza nyimbo za Krismasi, nami nimeizima. Kila mwaka hivi hivi! Wenzangu kiwandani wanapanga nguo na safari. Mimi natamani niugue.

Nimekutana na binamu yangu Mwas mjini Thika. Ameleta salamu za Baba kutoka nyumbani Kalimoni — mbuzi yuko tayari, anangoja tu Maitu aje apike. Maitu ni mimi. Nilipewa jina la mama yake, Waruguru, kwa hivyo tangu nizaliwe Baba huniita Maitu, yaani mama yake. Ni mapenzi, najua. Kwetu wasichana wengi huitwa hivyo na hucheka tu. Mimi jina lenyewe liligeuka kazi.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya ibada, kikundi cha wanawake. Wilkister, yule nesi, alisomea ushauri Nairobi na sasa anatutibu bila kuulizwa. Eti ndani ya kila mmoja wetu kuna mtoto. "Wengine tushafunga kuzaa, Sista!" — huyo ni Wamboi, na kikundi kizima kikaangua kicheko. Wilkister hakucheka. Akasema mtafute huyo mtoto, mwulize anaogopa nini, umsikilize kama angekuwa wako wa kuzaa. Usimgombeze.

Mambo ya wasomi! Lakini nimerudi nayo kichwani hadi chumbani kwangu Mugutha.

Jumanne, 17 Desemba

Nimejaribu. Nikafunga mlango kwanza, kwa aibu. Nikauliza: unaogopa nini?

Yule mtoto akajibu haraka! Ana miaka minane. Ni Krismasi, na Mama tulimzika Agosti. Amesimama juu ya debe ndiyo afikie meza, anasukuma chapati za ukoo mzima. Wageni wanamsifu, tazama cucu mdogo, nyanya yetu mdogo! Chapati ya kwanza, ile ya kujaribu moto, Mama alikuwa akinipa mimi, moto moto, kabla ya mtu yeyote. Mwaka ule niliwagawia wadogo zangu. Jioni Baba akaja amelewa, akaweka kichwa magotini pangu, akalia, Maitu, Maitu. Nikambembeleza mpaka akalala.

Na mimi pia nilikuwa nimefiwa na mama. Nani alinibembeleza?

Nimelia leo kama msiba ni wa jana.

Jumapili, 22 Desemba

Nimemwambia Mwas siendi. Akashika kichwa. Nani atampikia mzee? Nikasema kaka zangu wana wake, na wake wana mikono. "Lakini wewe ndiye mamake," akasema, bila mzaha hata kidogo.

Haya basi. Sijaolewa, na nina mtoto mwenye mvi.

Jumanne, 24 Desemba

Ploti imebaki tupu, wapangaji wote wameenda kwao. Hata mbwa wa landlord amepelekwa ushago, kijijini! Milango yote ina kufuli, na kwa bomba hakuna mtu wa kugombania maji naye. Niko mpweke, mpweke kabisa, na naogopa kwamba Baba amekasirika. Mara mbili nimefunga begi. Mara mbili nimelifungua.

Nikamwambia yule mdogo: si kosa lako, kasichana. Imesaidia. Kidogo tu.

Jumatano, 25 Desemba

Nimekanda unga wa mtu mmoja. Sijui kukanda kidogo, sufuria imejaa! Nimepika chapati ya kwanza, nikaepua kikaangio, nikakaa kitandani nikaanza kuila. Imeniunguza vidole. Tamu! Nimecheka peke yangu, halafu machozi.

Hodi.

Ni Baba. Naona viatu vyake vya kanisani chini ya mlango, vimejaa vumbi. Hajawahi kuja hapa, hata siku moja.

"Maitu! Ni mimi. Sijakula."

Miguu ikasimama yenyewe. Mkono ulikuwa ushafika kwenye komeo. Nikarudi nikakaa.

"Ngoja kidogo, Baba," nikasema. "Mtoto anakula."

Kisha, polepole: "Mtoto gani?"

Nimemega kipande kingine. Nimesikia akishusha pumzi, akikaa chini pale kizingitini. Hajaenda. Naandika haya kwa mkono mmoja. Chapati imebaki nusu, bado ina joto, na sitaiharakisha.