Uyoga Humsindikiza Ugali

Kambini, njia ya reli, juu ya Mlimba
Machi, 1972

Mpendwa mke wangu, mama Zaina,

Masika haya ni ya pili tangu tuagane stendi ya Korogwe. Ulikuwa umembeba Zaina mgongoni, ukanipa viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, nami kwa kuhangaikia kiti nikavisahau kwenye benchi. Mpaka leo nikila viazi nakumbuka vile.

Najua barua hii haitasomwa na wewe peke yako. Mwalimu wa ngumbaru ataisoma kwa sauti, jirani watasogea, na mwenyekiti wa kijiji naye atapita kama mtu aliyepotea njia. Sina neno. Nawasalimu wote, wakubwa shikamooni. Kitakachofuata na wakisikie, kwa maana kinawahusu.

Barua yako ilinifikia tukiwa tunapanga mataruma ya kulalia vyuma vya reli. Nyapara akanipa mapumziko, nikakaa juu ya kokoto na kuisoma. Umesema mahindi yameisha mapema, lakini nisiwe na wasiwasi, kwa sababu mvua imenyesha vizuri na wanawake mnakwenda pori la nyuma ya kijiji kuchuma uyoga. Umesema mpo mbioni kumwonjesha na Zaina.

Mke wangu, hapo ndipo wasiwasi uliponishika. Nimebeba vyuma siku nzima na kitu kilichonichosha ni ule mstari mmoja.

Unakumbuka tulipotoka kwenu Lutindi, kabla Zaina hajazaliwa? Mama yako alitupa mkungu wa ndizi, chungu kidogo kipya na chumvi ndani yake. Basi lilituacha Mkata kwa sababu ya matope, nikasema tukate porini, njia naijua. Njia niliijua kweli. Mvua ndiyo sikuijua. Tulivuka kijito cha kwanza maji yakiwa magotini. Tulipofika mtoni tukakuta mto umejaa hauvukiki, na tuliporudi nyuma kijito nacho kilikuwa kimekuwa mto. Tukabaki katikati kama mbuzi waliofungiwa.

Ndizi tulizimaliza kwa ujinga, tukidhani kesho tutavuka. Kesho yake maji yakaongezeka.

Wewe ndiye uliyeuona uyoga kwanza. Ulikuwa umeota juu ya kichuguu kikubwa, vichwa vipana kama sinia, na miguu yake mirefu imezama ndani kabisa ya udongo wa mchwa. Ule niliujua mimi, maana mama yangu alikuwa akiuchuma kwenye kichuguu cha nyuma ya jiko letu tangu sijaota meno. Tukaupika kwa chumvi ya mama yako. Ulinukia kama kuku. Tulikula chungu kizima, tukalamba na vidole, ukasema porini humu tunaweza kuishi mwaka.

Jua halijafika utosini ukanishika mkono. "Mume wangu, tumbo limejaa lakini njaa haina habari."

Nilicheka, lakini nami hali yangu ilikuwa hiyohiyo. Tukaondoka kutafuta vichuguu vingine. Tulizunguka pori lile mchana wote kwenye majani yaliyolowa, tukapata uyoga kidogo hapa, kidogo pale. Tulipokaa kuupika, haukufika hata nusu ya chungu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nguvu tuliyoitumia kuutafuta ilikuwa kubwa kuliko nguvu iliyokuwa ndani yake. Ni kama kwenda kutafuta kuni ukaunguza zaidi ya ulizoleta.

Halafu ukauona ule mweupe, chini ya mti. Ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Msafi kama shuka la hospitali.

"Huu naujua," ukasema. "Mama anaukausha kwenye ungo."

"Huku si Lutindi."

"Uyoga haujui wilaya."

"Na wewe Mshambaa hujui pori la Wazigua."

"Pori la Wazigua ndilo hili lililotufungia? Mlilijua vizuri sana."

Ulinipata hapo. Nikajifanya naangalia moto. Ukaenda ukapiga magoti. Nilidhani unaukata. Kumbe uliingiza kidole kwenye udongo ukakizungusha taratibu, ukautoa mzima. Ukakaa unautazama muda mrefu. Chini kabisa, pale ulipokuwa umefukiwa, mguu ulikuwa umesimama ndani ya kitu kama ganda la yai lililopasuka.

"Mbona una kikombe?" ukauliza. Hukuniuliza mimi. Uliuuliza uyoga.

Ndipo ukanieleza. Kule kwenu mama yako ndiye aliyekuwa akienda msituni, na alikata kwa kisu. Wewe uliupokea nyumbani, kwenye ungo, ukiwa vichwa na vipande vya shingo. "Wa kwetu nimeuona maisha yangu yote," ukasema, "lakini miguu yake sijawahi kuiona." Ukautupa majini, ukanawa mikono mara nyingi kwa mchanga, na usiniseme kwa neno hili, ukalia. Mimi nilidhani ni kwa njaa. Baadaye uliniambia ulikuwa umejihisi una mimba na hukutaka kunitisha.

Mke wangu, kama ungekuwa mtu wa kuona haya kusema "sijui", Zaina asingekuwepo. Wewe na mimi tusingekuwepo.

Yule kijana wa Kimasai unamkumbuka? Alikuwa ng'ambo ya mto na ng'ombe wake, naye amezuiwa kama sisi. Alitupigia kelele akitaka kujua tunakula nini. Nikamwinulia uyoga.

"Mwavuli wa chura?" akasema, akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Wewe mwanamume, mkeo ulimtoa kwa baba yake umlishe miavuli?"

"Tupe maziwa basi."

"Nitayarusha vipi? Kaeni. Msitembeetembee. Mtu mwenye njaa akitembea anajila mwenyewe."

Tulimtukana kidogo, lakini tukakaa. Na jioni ile, mvua ilipokatika na jua likachungulia, kichuguu kilekile cha uyoga kikaanza kutoa kumbikumbi. Walitoka kama moshi. Ulivua kanga yako ya juu ukafunika matundu, mimi nikachimba kishimo, tukawajaza kwenye chungu, tukawakaanga bila kitu, wakakaangika kwa mafuta yao. Midomo yako iling'aa. Tulilala usingizi wa watu walioshiba, mara ya kwanza tangu ndizi zile. Maji yalipopungua tulikuwa na miguu ya kuvukia, na yule kijana alituonyesha kivuko kwa fimbo yake, akatupa maziwa, akakusifu wewe, mimi akaniita baba wa miavuli.

Tulipofika nyumbani tukamsimulia mama yangu. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, maana wewe mkwewe alikuheshimu, "Uyoga ni nini?"

Nikasema, "Ni chakula."

"Uyoga ni mboga. Mboga humsindikiza ugali. Nyinyi huko porini mlikuwa mnamsindikiza nani?"

Tulicheka sana siku ile. Sasa neno lile nalisikia nikiwa nachimba tuta, nikiwa nalala. Siutukani uyoga. Chungu kile cha kwanza kilitupa moyo, na mtu aliyepotea porini anahitaji moyo. Ila moyo hauvukishi mto.

Nikwambie na la huku. Huku mvua inanyesha kupita ya kwetu, na uyoga unaota wa kila namna, mwekundu, wa njano, mwingine mkubwa mtoto anaweza kujikinga nao. Wenyeji wanauchuma na kuuza vikapu kwa vikapu. Mwenzangu wa kubeba chuma ni Mhehe, akileta tunapika na ugali wetu wa kambi, yeye anakula kwanza, mimi namfuata. Yeye ni mtu wa hapahapa, mama yake amemwonyesha.

Lakini palikuwa na Msukuma kwenye genge la jirani, mtu mpole, fundi wa kuimba tukivuta vyuma. Siku moja baada ya kazi akaona uyoga mweupe kando ya tuta. Akasema, "Huu wa kwetu." Yule Mhehe akamwambia auache. Akajibu, "Ndugu yangu, mimi nimeula na bibi yangu." Akachuma, akapika peke yake, akala akiimba. Jioni ile hakuumwa. Kesho yake ndipo tumbo likamkata, akatapika sana. Halafu akapata nafuu, akaketi, akanywa uji, tukamtania kwamba ametuogopesha bure. Baada ya hapo macho yakawa ya manjano. Tulimzika mbali na kwao, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua wimbo wa kwao wa mazishi.

Mama Zaina, yule mtu hakuwa na njaa. Kambini ugali upo, maharage yapo. Alikuwa na hamu ya kwao. Aliona kitu kinachofanana na nyumbani akakiamini. Nami namwelewa, ndiyo maana naogopa. Nikipita kando ya tuta nikauona mweupe umesimama, nakuona wewe umepiga magoti. Nainama. Nachimba kwa kidole. Nautazama mguu wake, halafu nanawa mikono na kwenda zangu. Sauti yako ndiyo inayoniinua, ile ya "mbona una kikombe".

Na kutokuwa na kikombe nako si cheti cha usalama. Ipo mingine mibaya isiyo nacho. Wanaosema akila konokono nawe kula, waambie konokono hana mtoto wa kulea.

Sasa nasema lililonifanya nichukue kalamu. Pori la nyuma ya kijiji kipya hatulijui. Tulihamishiwa pale wote, kila mtu na akili ya kwao. Huyu katoka bondeni, yule katoka mlimani, na kila mmoja akiona uyoga anaona wa kwao. Hapo hakuna bibi hata mmoja aliyeuchuma uyoga wa pale na kumwonyesha mwanawe. Ni kama sisi kambini. Nakuomba usichume pale. Zaina asionje, hata kidogo, hata wenzako wakila mbele yako na kukucheka. Wakikucheka waambie mume wangu huko reli amekuwa mwoga. Nakubali kuitwa hivyo.

Nenda mahame yetu. Najua si karibu, na najua imekatazwa kwenda. Pale nyuma ya nyumba yetu ya zamani iliachwa mihogo ardhini, siku lori lilipokuja hatukuwahi kuing'oa. Mihogo haihami. Ile ndiyo chakula, itawafikisha mavuno. Na kichuguu cha mama kipo palepale, nyuma ya palipokuwa na jiko. Ukikuta uyoga umeota, chuma wa hapo tu, wenye mguu mrefu ulioingia ndani ya kichuguu, uliokuwa ukiuchuma na mama. Upike na ugali wa muhogo, umsindikize mtu.

Mwenyekiti, kaka yangu, najua unasikiliza. Uliwakataza watu wasirudi mahame kwa sababu wapo waliorudi wakajenga tena, nakuelewa, nawe una wa juu yako. Mke wangu harudi kujenga. Anakwenda kung'oa alichopanda. Mruhusu yeye na wanawake wenzake waende asubuhi warudi jioni, uende nao ukitaka, nawe ubebe kikapu. Tulilima pamoja mimi na wewe, hujawahi kuniona nikiomba. Leo naomba, mbele ya watu.

Mke wangu, nimechoka. Mabega yamekuwa kama ya mzee. Wenzangu wananiuliza kwa nini sisemi sana, nami siwezi kuwaambia kwamba maneno yangu nayaweka kwa ajili yako. Nasikia umeanza kuandika jina lako ubaoni. Barua ijayo usimwachie mwalimu ukurasa wote. Chini kabisa andika "mihogo tumeng'oa", hata herufi zikipinda. Nikiona mkono wako nitajua kwamba ni kweli, nitalala.

Nyapara amesema mkataba wetu unakwisha kiangazi, tuta hili likishafika mlimani. Nimemwambia sitatia saini mwingine. Nitapita Korogwe, nitakaa kwenye benchi lile kidogo, halafu nitakuja kwa miguu nikikosa basi, kwa njia ile ninayoijua. Nitazamie kabla ya mvua za vuli, kabla kumbikumbi hawajaruka. Siku hiyo songa ugali kwanza, mboga tutaitafuta wote watatu.

Mumeo,
baba Zaina