Mkwe Aitwaye Kunywa Divai

Jumapili, Herndon, ughaibuni

Na mimi nilivyolipenda jina lile! Tangu Zuhura wangu achumbiwe, nimekuwa nikilitamka mbele ya kioo, Boivin, Boivin, pua juu kama mke wa balozi.

Leo mchana jirani yetu Mkongomani, Mama Furaha, alikuja kula pilau. Nikamtajia kwa madaha jina la ukoo wa mkwe wangu. Akacheka hadi kijiko kikamdondoka.

"Mama Zuhura, hiyo jina ni ya Kifaransa. Ni 'kunywa divai'! Zamani waliitaga vile watu wa kupenda chupa."

Mume wangu akaacha kutafuna. Kijana amesilimu kwa hiari yake na pombe haigusi, lakini shekhe atalisoma jina hilo mbele ya ndugu zetu wote. Na wajukuu zangu watalibeba mpaka madrasa...

"Harusi hii tuifikirie upya," akasema mume wangu.

Zuhura, ambaye hata chumvi huiomba kwa Kiingereza, akamgeukia kwa Kiswahili safi: "Baba, ami Swalehe jina lake lina maana gani?"

"Mtu mwema. Mchamungu."

"Na friji yake ina nini?"

Mume wangu akainamia sahani. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Haya, harusi ipo," akasema akijifuta machozi. "Ila kijana asikae karibu na Swalehe. Atamharibu."