Kope za Mama Zilizong'olewa

Lusungu, nimetoka kituo cha afya sasa hivi. Mama hakupasuliwa. Frida, mdogo wangu wa tumbo moja, amenisaliti.

Unajua jinsi kope za Mama zilivyogeukia ndani na kulikwaruza jicho. Unajua pia kwamba niliomba ruhusa kazini, nikatoka Tunduma hadi Iyula, ili tumwahi daktari wa macho anayeondoka kesho.

Daktari akalimulika jicho kwa tochi, akauliza, "Bibi, kope zako ziko wapi?"

Mama akajibu kwa utulivu, "Zimeisha, mwanangu. Nimepona."

Nimepona! Frida alizing'oa zote jana, kwa kibano nilichomnunulia mimi mwenyewe.

Daktari akaeleza kwa subira kwamba zitaota tena, kwamba kioo cha jicho kimeanza kuweka ukungu unaoleta upofu, na kwamba bado angeweza kuurekebisha ukingo wa jicho kwa upasuaji leo hii.

Mama akafunga kitenge chake vizuri, akasimama. "Si nimeshasema nimepona?"

Hakuna daktari anayempasua mtu aliyekataa. Frida alikuwa amekaa papo hapo, akitazama sakafu.

Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini.

"Dada, watu wanasema kisu kinapofusha. Wewe utarudi Tunduma. Mimi ndiye nitakayemshika mkono kumpeleka chooni."

Nimemjibu kwamba asiwe na wasiwasi. Kazi hiyo ameshaipata.