Mfuko wa Dada Mkubwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi! Kazi ya kweli, si kupunguza suruali za majirani. Wanaitengeneza upya filamu ya ile riwaya tuliyosoma sote shuleni — ya dada watatu na nyumba yao — na mimi niko chumba cha mavazi, cherehani ya tatu kutoka dirishani. Fundi mkuu, mama mmoja mwenye miwani machoni na mingine kichwani, akauliza kama nimeisoma. Nikasema mara mbili. Uongo mtupu. Mara moja, na kurasa za mwisho nilisimuliwa.

Mdogo wangu anabaki na mtoto. Mtoto ana miezi kumi na anajiona ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo tunamwita Bosi. Baba Bosi yuko mbali kikazi hadi mwezi wa sita. Bila mdogo wangu hakuna kazi. Hilo halina mjadala.

Nilishinda nimeigeuza blauzi, mishono yote nje. Fundi wa nguo huyo! Niliambiwa saa tisa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepewa gauni la dada mkubwa. Yule anayeficha barua ya mdogo wake ya kuitwa kazini, ili asiondoke akamwachia nyumba na mama mgonjwa. Shuleni nilimchukia huyo! Kwenye insha niliandika kwamba angefaa kufungiwa kabatini na hiyo barua yake. Mwalimu alinipa alama nzuri, chini akaongeza: punguza hasira.

Mwongozaji — tunamwita Bwana Tena, maana hilo ndilo neno lake kutwa — anataka mfuko wa siri kwenye mshono wa ubavuni. Barua iingie, isionekane.

Saa saba, kijiko kiko mdomoni, simu ikaita. Chuo cha uuguzi. Mdogo wangu aliandika namba yangu kwenye fomu kwa sababu simu yake huzima yenyewe. Kuna mwanafunzi amejitoa, nafasi sasa ni ya mdogo wangu, masomo Jumatatu, jibu kabla ya Ijumaa saa kumi. Nikasema nimefurahi mno, nitamfikishia.

Nimefika nyumbani. Sijamfikishia.

Alikuwa amechoka. (Niliyechoka ni mimi.) Kesho.

Jumatano, 6 Machi

Sijasema. Asubuhi Bosi alikuwa na mafua. Jioni jirani alikuwepo, na habari kama hii haisemwi mbele ya jirani — jirani ambaye kupitia ukutani ameshasikia mpaka ninavyokoroma!

Halafu Bosi kasema "mama". Kwa mara ya kwanza maishani. Huku anamtazama mdogo wangu.

— Ananiita mimi, dada! Si mimi ni mama mdogo? Nina haki yangu.

Nikasema haya, mama mdogo ambadilishe nepi. Nikaenda kunawa uso. Nilinawa muda mrefu, uso wenyewe mdogo tu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo gauni limejaribiwa. Barua inachungulia! Fundi mkuu akauliza huu ni mfuko wa kuficha au wa kutangaza. Nikafumua, nikashona. Kona ikatoka tena. Nikafumua. Mara ya tatu nikatia bitana na kifungo kwa ndani, barua ikatulia tuli. Wakanipigia makofi. Ni kweli, chumba kizima hakuna anayejua kuficha kama mimi.

Mwigizaji wa dada mkubwa ni binti mpole. Nimemchoma pini mara mbili na anayeomba radhi ni yeye. Akaniuliza: fundi, una mdogo wako? Ungeweza kumfanyia hivi? Nina pini nne mdomoni, nikasema: Mimi? Hata siku moja! Zikaanguka zote.

Bwana Tena akamweleza kuwa safari hii dada mkubwa hatakuwa mtu mbaya. Anampenda mdogo wake kupita kiasi, ndiyo maana. Watazamaji wamwonee huruma. Nikafurahi — nilifurahi kabisa! — mpaka fundi mkuu, huku anakata uzi kwa meno, akasema mdogo mtu hakuulizwa kama anataka kupendwa hivyo.

Nyumbani nikawakuta wamelala wote wawili, Bosi kashika sikio la mama yake mdogo. Sikuwaamsha. Hiyo si huruma. Ni woga, naujua kwa harufu.

Ijumaa, 8 Machi. Saa nane na nusu

Naandika nyuma ya karatasi ya vipimo, nitaibandika baadaye.

Mdogo wangu kaja hapa na Bosi, mtoto kagoma kula, anataka kunyonya tu. Wakati nanyonyesha, mdogo wangu akalizunguka gauni. Akaingiza mkono ubavuni.

— Dada, mfuko huu umeshona wewe? Mzuri! Wa nini?

— Wa ile barua.

— Aa, yule! Yule mwanamke hana haya.

Nikasema. Nilisema vibaya, kama mtu anayetema mbegu. Chuo wamepiga. Wamekupa nafasi. Jibu kabla ya saa kumi leo.

— Wamepiga leo?

— Jumanne.

Fundi mkuu akaikanyaga cherehani yake kwa nguvu ili tujue hasikii.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Akauliza Jumanne saa ngapi. Saa saba.

— Kwa hiyo jioni ile ninakupakulia chakula, unajua.

— Najua.

— Ukasema niongeze.

— Nilisema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa nguo isiyo saizi yake. Akachukua simu yangu, akaelekea mlangoni. Nikamwambia nenda chuo, mimi nitajua la kufanya. Sijui lolote! Fundi mkuu alishasema: Jumatatu niwe kwenye cherehani au nisiwepo kabisa.

Namwona dirishani. Ameegemea ukuta wa uani. Alipiga, haikupokelewa. Amepiga tena.

Mkoba wake kauacha mezani, kamba imebaki nyuzi mbili tatu. Huu ndio anaobebea vitu vya Bosi. Nimetoa nepi, chupa, kofia, ndizi iliyopondeka. Nimevirundika kwenye kiti changu. Ndani kimebaki kitana na kalamu yake, basi. Nimeuweka mkoba chini ya sindano. Bosi yuko mapajani anavuta uzi, mshono unakwenda kombo, nafumua.

Sasa anaongea. Mkono mmoja uko kiunoni. Nataka kutoka nikasikilize. Sitoki.

Kamba imeshika upande mmoja. Nageuza upande wa pili. Yeye bado kanipa mgongo.