Simu Haipajui Kwangu

Torunn, acha unachofanya unisome. Simu yangu imeniumbua mbele ya mume na mtoto.

Unakumbuka ule ulinzi dhidi ya wizi niliouwasha, baada ya muuguzi mwenzangu kukwapuliwa simu kituo cha tramu? Ukitaka kubadilisha nywila ukiwa mahali ambapo simu haijapazoea, inakusubirisha saa nzima, isije ikawa wewe ndiye mwizi.

Sasa jana tumekaa sebuleni tunakula taco zetu za Ijumaa. Nikasema ngoja nibadilishe nywila, maana mwanangu Synne keshaijua, anajinunulia michezo tu.

Simu ikaniandikia: "Hauko mahali ulipozoea. Subiri saa moja."

Sebuleni kwangu, Torunn! Nimekalia kochi nililolichagua mwenyewe!

Eivind, mdomo umejaa: "Bibie, hata simu haijui kama unaishi hapa."

Nikamngoja acheke. Hakucheka.

Ati Synne ndiye aliyenitetea: "Baba, muache. Simu inapajua hospitali, ndiko mama anakolala."

Anakolala! Mtoto wa miaka tisa! Zamu zote zile za ziada, mimi nilidhani ni kwa ajili yao. Nilichoka hata kubisha. Nikasinzia palepale kwenye kochi kabla saa haijaisha.

Asubuhi hii nimejaribu tena hapa wodini. Imekubali papo hapo, haikuniuliza hata swali moja.

Na Synne, niliyemwacha kitandani kule nyumbani, kanitumia ujumbe sasa hivi: "Mama, umeshafika nyumbani?"

Sijui kama ananitania.