Maksai Walioliwa na Kadi

Winnipeg, Kanada
Mwezi wa tatu

Kaka Magesa,

Shikamoo kaka. Kabla hujaendelea, inuka hapo ulipokaa, nenda na barua hii shambani uisome ukiwa peke yako. Na kama miwani imepotea tena, itafute, usimpe binti yako Nyabwire akusomee. Ukifika katikati utajua kwa nini.

Mama anaendeleaje na goti? Shemeji hajambo? Na wewe mgongo vipi? Nauliza mgongo nikijua jibu, na nitakuja huko. Mimi mwili wangu mzima. Nakula, nafanya kazi kule kule kwenye kiwanda cha nyama, baridi imeanza kupungua. Anayekuletea barua hii ni Mama Neema, yule mama wa Buhare niliyekwambia tunasali naye kanisa moja hapa. Anakuja Musoma kumwona mama yake mzazi, akakubali kushuka hadi Bunda akukabidhi mkononi. Atakupa na bahasha nyingine. Hiyo usiifungue mpaka umalize hii.

Utashangaa kwa nini naandika wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Kaka, kwenye simu naongopa kirahisi mno. Nikisikia sauti yako tu, uongo unatoka wenyewe, umeshavaa na viatu. Kwenye karatasi nikiandika uongo nauona, naukata. Hii ni karatasi ya nne.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwambia kazini wamenikatalia likizo. Si kweli. Likizo walinipa, wiki tatu nzima, nikazimalizia chumbani nimejifunika blanketi. Sikuja kwa sababu sikuwa na tiketi, na sikuwa na tiketi kwa sababu ile pesa uliyonitumia, pesa ya maksai wako Kamanda na Sukari, niliifanyia ujanja.

Ngoja nikueleze taratibu, si kwa kujitetea. Hapa benki wanakupa kadi ya mkopo. Unanunua kwa kadi, wao wanalipa, wewe unawarudishia mwisho wa mwezi, na kadi ina kikomo chake, huwezi kukivuka. Mimi yangu nilikuwa nimeifikisha ukingoni. Nilinunua makoti ya baridi, kitanda, ile simu niliyowatumia picha nikiringa nayo. Kila mwezi nalipa kidogo, riba inakula, deni liko pale pale. Ndipo pesa yako ikaingia, mwezi wa tisa, na tiketi ni ya Desemba. Nikakaa nikapiga hesabu kama mtu mwenye akili. Nikasema, hii pesa nikiilaza miezi mitatu inanisaidia nini? Nilipe deni lote leo, riba ife, halafu tiketi nitainunua kwa kadi hiyo hiyo ikiwa tupu. Pesa moja, kazi mbili. Nilijiona mjanja kweli.

Na unajua kilichonipa imani? Mzee Shabani wa Bunda, Mungu amrehemu. Unakumbuka baba alivyokuwa anachukua kwake sabuni, mbegu, viatu vyetu vya shule, mwaka mzima, halafu pamba ikiuzwa anavaa koti lake jeusi anakwenda kulipa lote kwa mkono mmoja? Mzee Shabani anapiga mstari kwenye daftari, anatupa peremende, anamwambia baba, "Sasa chukua unachotaka, mzee. Duka ni lako." Na kweli mwaka unaofuata anampa zaidi. Mimi nilikua nikijua hivyo ndivyo dunia inavyokwenda: anayelipa lote anaaminiwa zaidi. Basi siku ile nilipobonyeza kulipa nilisimama, kaka. Nilisimama wima chumbani peke yangu kama nimevaa koti la baba.

Wiki mbili hazikuisha ikaja barua ya benki. Wamepitia akaunti yangu, na kutokana na hali yake kikomo changu kimepunguzwa kuanzia siku hiyo. Hakikupunguzwa kidogo. Kilichobaki kingetosha mboga za mwezi na jozi ya viatu. Nikapiga simu. Akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri ajabu.

Nikamwambia, "Dada, nimelipa yote. Kosa langu ni nini?"

"Hakuna kosa, bwana. Ni mfumo umepitia. Huko nyuma kuna miezi miwili ulichelewa."

"Nilipokuwa nadaiwa mliniacha. Nimelipa ndiyo mnaninyang'anya?"

Akasema anaelewa jinsi ninavyojisikia. Halafu akaniuliza kama kuna jambo jingine la kunisaidia. Nikamshukuru, fikiria, nikamshukuru.

Nikamwendea Mama Neema na ile barua, nikamsimulia na habari ya Mzee Shabani. Akaisoma, akavua miwani, akanitazama. "Weye Mafuru, benki ndiyo Mzee Shabani? Hawa hawakujui, hawamjui baba yako. Mimi nilikuwaga nalipa kidogo kidogo, nawaacha hivyo hivyo na tamaa yao. Kwa nini hukuulizaga mtu?"

Sikuuliza kwa sababu ningeulizwa pesa imetoka wapi. Ningesema nini? Mwanaume yuko Kanada, kaka yake wa Guta ameuza ng'ombe wa kulimia amtumie nauli. Niliona aibu hata kabla ya kufanya kosa. Nilijaribu kukopa kwa wawili watatu, kila mmoja ana yake, na bei ya tiketi kadiri Krismasi inavyokaribia inapaa. Ikabaki wiki moja, nikakupigia, nikasema hilo la likizo. Ukauliza, "Na ile hela?" Nikasema ipo salama. Hukuniuliza tena mpaka leo. Ungeniuliza hata mara moja nyingine, pengine ningesema.

Na siku yenyewe ya kusimika msalaba wa baba najua ilivyokuwa, dada Nyanjura alinieleza aliporudi kwake Butiama, tena kwa upole, akidhani ananifariji. Mbuzi ameshachinjwa, katekista amefika, padri amefika, watu wa kigango wamejaa uani, na mama anakataa. Alishasema tangu tulipomzika baba: msalaba wa sementi hausimami mpaka watoto wake watatu waweke viganja vyao kwenye sementi mbichi. Mkaahirisha Pasaka kwa ajili yangu, mkaahirisha mavuno kwa ajili yangu, na Krismasi akasema, "Mimi sisimikishi kitu. Mwambieni Mafuru nitamngojaga tu." Watu wakala wali, padri akaombea kaburi lenye kile kimti cha msalaba wa muda kinacholiwa na mchwa, wakatawanyika. Ule msalaba mmeulaza ukutani chumbani kwa mama, umefunikwa gunia. Na mifuko ya sementi imegandia humo humo ndani. Hilo la sementi Nyanjura alilisema akicheka. Nilicheka naye, kaka, halafu nikakata simu.

Bado nilikuwa najidanganya kwamba nitarekebisha bila mtu kujua. Nikaongeza zamu za Jumamosi. Nikasema Kamanda na Sukari nitawarudisha kimya kimya, wewe utafikiri ni zawadi. Niliyakumbuka maneno yako ulipowauza: "Maksai tutanunua wengine, weye njoo." Nikayachukua kama ruhusa.

Halafu mwezi uliopita Nyabwire akanitumia picha. Mtoto hana hila, alitaka nione mvua ilivyokuja vizuri. Kwenye picha shamba la bondeni lina tope jekundu, upande mmoja umelimwa, upande mwingine majani tu. Wewe umesimama umejishika kiuno. Na nyuma yako, mbali kidogo, ameinama mama. Mama, na goti lile, ana jembe la mkono. Plau imelala chini ya mti, imeota kutu.

Nilikuwa kazini, saa ya chakula. Mbele yangu mstari wa nyama ya ng'ombe unapita kwenye vyuma, siku nzima nakata ng'ombe wa watu. Nikaitazama ile picha nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Si aibu ya kuchekwa, hakuna aliyenicheka. Ninyi mnaniombea. Mama anamwambia padri mwanawe anateswa na wazungu, wamemnyima likizo ya kuja kusimika msalaba wa baba yake, na wazungu wa watu hawajafanya kitu. Mimi ndiye niliyemshikisha mama jembe.

Basi, bahasha ya pili. Ndani mna pesa ya maksai wawili. Mama Neema ataibadilisha Musoma kabla ya kukuletea, nimemwomba asiitoe mpaka uwe mbele yake. Nenda mnadani wewe mwenyewe, usimtume mtu, chagua waliokwisha kuzoea nira ili mmalizie hata hilo shamba la juu. Hiyo ndiyo pesa yote niliyoiweka tangu Desemba. Ilikuwa inakaribia kutosha tiketi ya Pasaka. Nililala nayo usiku kadhaa, nikiihamisha kichwani, tiketi, maksai, tiketi, maksai. Nimechoka ujanja. Ni maksai.

Kwa hiyo Pasaka siji, wala mavuno. Sijui lini. Nakuomba unisaidie kwa mama, kwa kuwa mimi sina uso. Asinisubiri. Nunueni sementi mpya, mwiteni padri, simikeni msalaba wa baba kabla mchwa hawajamaliza hicho kimti. Aweke kiganja chake Nyanjura, uweke na wewe. Na upande wangu msiniachie nafasi, kaka. Lainisheni na mwiko kama kawaida. Nikija siku moja nitapaona palipo patupu, na nitajua ni pangu.

Nisalimie shemeji, mwambie ile sufuria kubwa aliyowapikia watu wa Krismasi bure nimeisikia habari zake na naomba radhi. Nisalimie Nyabwire, na mwambie picha yake ilikuwa nzuri, asije akaacha kunitumia. Nyanjura na mumewe nitawaandikia barua yao. Katekista mpe mkono, mwambie sikunyimwa likizo.

Nimesoma tena pale juu nilipokwambia uende shambani. Hata hapo bado nilikuwa nakuomba unifichie. Rudi nyumbani, kaka. Mpe Nyabwire hii karatasi, ana sauti nzuri ya kusoma kanisani. Kaeni uani, mama akae kwenye kiti cha baba, asome yote kuanzia mwanzo, asiruke palipoandikwa niliongopa. Mama akiomba arudie, arudie.

Mdogo wako niliyekudanganya,
Mafuru