Ardhi Waliyoiita Idle

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimerudi kutoka barazani Garsen. Bwana wa mradi wa miwa aliweka kidole kwenye ramani, juu ya mbuga yetu. "Hii yote ni idle land." Alilirudia hilo neno kama mtu anayepiga msumari. Chifu akatufasiria: ardhi iliyokaa bure.

Bure!

Marehemu mume wangu Sadik aliilinda mbuga hiyo mpaka tulipomzika pale ukingoni mwake, mvua za masika mwaka jana. Mvua ikianza alikuwa akilaza tawi la mwiba njiani, na hakuna ng'ombe anayepita, hata wetu. Tangu afariki nalilaza mimi. Nyasi zinakua, zinangoja kiangazi kikaze. Aligombana na ndugu zake kwa ajili hiyo. Jioni alirudi shuka imejaa mbegu za nyasi, mimi nazichomoa moja moja huku yeye anasinzia. Shuka ile sijaifua.

Jumanne, 14 Januari

Nimemwuliza binti yangu Kadra maana kamili ya idle. Akatazama kwenye simu. Mtu asiye na kazi. Mvivu. Injini inayonguruma na gari haliendi. "Mama, wewe huniita hivyo kila siku, ila kwa Kiorma."

Nilicheka kidogo. Kisha hasira ikarudi. Nyasi zifanye kazi gani zaidi ya kuota?

Jumatano, 15 Januari

Nilipeleka maziwa sokoni. Mwalimu Barnabas wa Ngao, aliyemfundisha Kadra, ni mteja wangu. Nikamwuliza neno hilo limetoka wapi.

"Mama Kadra, hilo ni kongwe. Zamani halikuwa uvivu. Lilikuwa utupu." Akaniambia, katika Biblia ya Kiingereza cha kale sana, pale mwanzo, dunia ikiwa haina kitu, wameandika idle. Alikuwa anafurahia, kama walimu wanavyofurahi. Akauona uso wangu. "Pole, mama."

Kwa hiyo ndivyo anavyoona yule bwana! Mahali ambapo Mungu bado hajaumba kitu. Na Sadik amelala hapo hapo. Nilidhani wametukana nyasi tu.

Alhamisi, 16 Januari

Shemeji yangu Kotile, mdogo wake Sadik, alikuja na vijana. Jumamosi wapimaji wanakuja. "Tunaingiza ng'ombe wote, shemeji. Wasikute patupu. Wapige picha za mavi!" Vijana wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Kundi lote likiingia sasa, nyasi zitaisha kabla kiangazi hakijafika nusu. Mwezi wa tatu tutawalisha nini? Mchanga?

"Na usipowaingiza, shemeji, unamtunzia nani? Mwenye miwa?"

Nikamwuliza, ndugu yako angesema nini.

"Ndugu yangu hakuwahi kuitwa idle."

Alikunywa chai yake yote, akaacha kikombe chini kama Sadik alivyokuwa akiacha, kimeegemea mguu wa kiti. Nimekasirika naye. Nimekasirika zaidi kwa sababu anasema kweli. Neno moja la mtu wa kuja, na sasa sisi wenyewe tunataka kuharibu ili tuonekane tunafanya kazi!

Jumamosi, 18 Januari

Nimekuja mapema, nimejifunga shuka yake. Nimeketi kando ya tawi la mwiba, daftari gotini, fimbo yake ubavuni. Nyasi zimefika kiunoni. Kaburi halionekani mpaka usimame.

Upande wa mto, kengele za mbao. Kotile mbele, kundi lote nyuma.

Upande wa barabara, vumbi. Gari la wapimaji limesimama. Yule bwana ameshuka, ameinua simu, anapiga picha huku. Sijui anaona nini.

"Shemeji! Ondoa tawi!" Kotile anaweza kuliondoa mwenyewe. Mikono anayo. Lakini amesimama, na vijana wamesimama nyuma yake, hakuna anayeligusa. Wananingoja mimi.

Nikiondoa, nyasi zimekwisha. Nikiacha, bwana ataondoka na picha yake ya utupu.

Ng'ombe mwekundu wa Sadik amenyoosha shingo juu ya miiba. Ameng'oa shada moja. Anatafuna, ananitazama. Nimeshika fimbo. Bado sijampiga.